Chancelle Anakula Amesimama

Treni ya Kabalo iliingia Kalemie siku ya Alhamisi, imechelewa siku kumi na mbili, na kwa sababu hiyo nusu ya mji ilikuwa stesheni. Waliokuja kupokea jamaa zao walipanda juu ya mabenchi wakitafuta vichwa vinavyofanana na vya kwao. Waliokuja kuchukua mizigo walisukumana mlangoni pa biro, ofisi ya mizigo, kila mmoja akidai kwamba yeye njo, yaani ndiye, aliyefika kwanza. Nyuma ya kaunta, Valère alikuwa akiita majina na kutoa vitu: magunia ya mahindi, madumu ya mawese, kitanda kilichofunguliwa miguu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane, mrefu, mwenye shati jeupe ambalo mama yake alikuwa amelipiga pasi asubuhi ile mpaka likataka kusimama lenyewe.

"Kuku wa kutoka Nyunzu," aliita. "Mwenye kuku."

"Ni wangu."

Aliyejibu alikuwa msichana mwembamba. Alivaa kikwembe cha manjano chenye maua ya buluu na libaya, blauzi ya kitambaa kilekile, imemkaa kana kwamba ilishonwa akiwa ndani yake. Utepe wa kupimia nguo ulikuwa unaning'inia shingoni mwake. Alikuwa ameusahau hapo. Valère aliuangalia ule utepe, kisha akamwangalia mwenyewe, na mkono wake ukalegea kwenye kamba ya kuku. Kuku hakungoja kuambiwa. Aliruka kaunta, akapita katikati ya miguu ya watu, akashika njia ya reli kama anayerudi Nyunzu kwa miguu.

"Papa wa mizigo," msichana alisema polepole, "kuku wangu anaondoka."

"Hana tiketi. Hafiki mbali."

Valère alimkamata chini ya toroli la wapagazi, amelala kifudifudi, abiria wote wanamtazama. Aliporudi, shati lilikuwa na rangi ya masizi na mkono mmoja umepasuka begani. Msichana alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja, mabega yanatikisika kwa kicheko.

"Shati limekufa," alisema. "Ulilete kesho. Nashona kwa mama yangu mdogo, Mama Laetitia, nyuma ya soko. Uliza Chancelle."

"Na kuku?"

"Mpelekee mama yako."

"Aliyekutumia amemsafirisha siku kumi na mbili, na wewe unamgawia muntu usiyemjua hata jina?"

"Sasa nakujua. Wewe njo ule mwenye kukimbiza kuku wa watu."

Valère alikwenda nyumbani akicheka peke yake njiani. Mama yake, Mama Denise, alimpika yule kuku kwa nyanya na vitunguu, akanyonya mifupa, akamwombea mtoaji baraka. Hakuna aliyejiuliza ni msichana gani huyo anayeweza kuachana na kuku mzima bila kumtupia jicho la pili.

Mapenzi yao yalianza na ule mkono wa shati. Ulipokwisha kushonwa, kikapotea kifungo. Wiki iliyofuata kikapotea kingine.

"Valère," Chancelle alimwuliza, sindano ikiwa katikati ya meno, "hili shati linavuliwa na muntu ao na mbwa?"

"Linavuliwa na muntu anayetafuta sababu."

"Basi siku nyingine njoo bila sababu. Vifungo vimeniishia."

Akawa anakuja bila sababu. Kila alipotoka kazini alipitia pale kwenye chumba kidogo cha cherehani tatu, akakaa juu ya furushi la vitambaa, akawa anamsikiliza Mama Laetitia akiwasema wateja wasiokuja kuchukua nguo zao. Na hakuja mikono mitupu. Alileta samaki wa ziwani, ndagala wa kukaanga kwenye karatasi na mikebuka ya kuchoma, na ndizi za moto. Chancelle alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaweka pembeni. Siku hiyo alikuwa ameshiba. Kesho yake alikuwa na jino linalouma. Keshokutwa alikuwa amefunga kwa ajili ya maombi. Mwishowe ni Mama Laetitia aliyekuwa akinenepa kwa mapenzi yale.

Kila saa sita mchana Valère alimpigia simu.

"Sheri wangu, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Wewe ni polisi wa sahani?"

"Mimi ni mgonjwa wako. Ukila mimi napona."

"Basi umepona, Papa. Rudi kwenye mizigo."

Alicheka, naye akacheka, simu ikakatika. Lakini macho ya mpenzi ni ya karani: huona kinachopungua. Valère aliona ya kuwa libaya ile ya manjano ilikuwa imepunguzwa ubavuni. Mwezi mmoja baadaye kulikuwa na mshono wa pili ndani ya ule wa kwanza. Chancelle alikuwa mshonaji hodari. Alijishonea kukonda kwake taratibu, kwa uzi wa rangi ileile, na asiyejua kazi hiyo asingegundua.

Rafiki wa Valère, Apollinaire, fundi wa injini, ndiye aliyemtilia neno la sumu. Walikuwa kwenye karakana, Apollinaire anafuta mikono kwa tambara.

"Ndugu, mwanamuke asiyekula mbele yako anakula mbele ya mwingine. Hiyo haiombi diplome."

"Nyamaza wewe."

"Nanyamaza. Lakini uliza tumbo lake linashibia wapi."

Neno hilo lilimkaa Valère kama mwiba wa samaki kooni. Jumamosi moja saa sita hakupiga simu. Alikwenda mwenyewe, akazunguka nyuma ya nyumba ya Mama Laetitia, akachungulia kwenye dirisha lisilo na pazia, tayari kumwona mwanamume mwingine na sahani yake.

Alimwona Chancelle peke yake. Alikuwa amesimama karibu na mlango wa nyuma, mgongo umegusa ukuta, macho yameelekea barabarani. Mkononi alikuwa na kipande cha mkate mkavu. Alimega, akatia mdomoni, akasikiliza. Akamega tena, akasikiliza. Jirani alipopuliza jiko lake la makaa na moshi ukapita juu ya ua, Chancelle aliacha kutafuna. Alikwenda kwenye cherehani yake, akavuta droo, akauficha ule mkate humo. Ndani ya droo kulikuwa na vipande vingine, vingi, vimekauka kama mbao.

Valère aliondoka kwa kunyata, na aibu ikiondoka naye. Hapakuwa na mwanamume mwingine. Palikuwa na kitu ambacho hakukijua jina, na kwa kuwa hakukijua jina alikipa jina rahisi: upweke. Msichana asiye na mama wala ndugu, alijiambia, anakula kama mwizi kwa sababu hana watu wa kula nao. Nitampa watu.

Hapo ndipo alipokosea, na alikosea kwa moyo mweupe.

Kwa akina Mama Denise kulikuwa na desturi. Kabla ya posa kupelekwa, msichana huitwa nyumbani, hupewa mwiko, hupika bukari, ugali wa kwao, mbele ya ukoo, kisha wote hula sahani moja. Hakuna anayeulizwa shule wala kabila. Moto wa jiko ndio unaomjibia. Valère alipanga siku ya Jumapili na mama yake, akawaita dada yake na mume wake, akamwita Papa Hippolyte, kaka mkubwa wa marehemu baba yake, aliyekuwa mwenye neno la mwisho. Chancelle mwenyewe hakuambiwa kitu.

"Tunapita kumsalimia Mama," alimwambia. "Dakika kumi."

"Dakika kumi kweli?"

"Kweli, roho yangu."

Walipoingia uani, Chancelle aliona viti vya plastiki vimepangwa duara, Papa Hippolyte amevaa koti katika joto lile, Mama Denise ameng'aa kwa kikwembe kipya chenye harufu ya dukani bado. Katikati, sufuria kubwa juu ya mawe matatu. Kuni zilikuwa na unyevu wa mvua ya jana. Moshi ulikuwa mzito, mweupe, unapanda wima.

"Karibu, mutoto wangu," alisema Mama Denise, akamtilia mwiko mkononi. "Usiogope. Hata mimi siku yangu bukari ilijaa madonge, na walinioa."

Watu wakacheka. Chancelle alimgeukia Valère. Naye Valère alitabasamu, akamwashiria kwa kidevu: haya. Tabasamu lile alikuja kulijutia kuliko uongo wowote aliowahi kusema.

Chancelle alizungusha mwiko mara moja, mara mbili. Moshi ukamfunika uso. Ndipo mtoto wa dada yake Valère, msichana wa miaka mitatu, akachoka kungoja, akaanza kulia. "Mama, njaa. Mama, njaa."

Chancelle aliuacha mwiko. Alichukua ndoo ya maji iliyokuwa karibu, akaimwaga yote juu ya moto. Majivu yaliruka ndani ya sufuria, mvuke ukajaa ua mzima. Kabla watu hawajainuka alikuwa amekwisha mkumbatia yule mtoto na kumziba mdomo kwa kiganja.

"Nyamaza," alikuwa akinong'ona, macho yanaangalia ukuta ambao hakuna aliyejua anaona nini nyuma yake. "Nyamaza, Doudou. Watatusikia."

Dada yake Valère alimnyang'anya mtoto. Chancelle aliangalia mikono yake mitupu, akaangalia watu mmoja mmoja kama aliyeamka kituo kisicho chake, akakimbia. Ndala moja ilibaki mlangoni.

Kumwaga maji kwenye moto wa jiko la wakwe ni tusi lisilo na kifani. Papa Hippolyte alisimama.

"Ameizima nyumba hii," alisema. "Na nimesikia hakuli na watu. Muntu asiyekula na watu muchana, mujiulize anakula nini usiku. Mimi posa hiyo siipeleki."

Na Valère je? Miguu ilimwambia kimbia, mfuate. Lakini macho ya ukoo yalikuwa juu yake. Aliinama, akauokota mwiko, akaupangusa majivu. Alikuwa akijua tangu wakati ule, akiupangusa, kwamba amemwacha.

Siku tatu simu yake haikupokelewa. Siku ya nne ilipokelewa, lakini hakuna aliyesema. Alisikia pumzi tu, na cherehani ya Mama Laetitia kwa mbali.

"Chancelle? Sawa. Usiseme. Nitasema mimi." Akatazama huku na huku ndani ya biro akitafuta la kusema. "Hapa kuna mzee amekuja kuchukua baiskeli yake. Treni imeileta bila tairi la mbele. Anasema anataka tairi, mimi namwambia andika barua, yeye anasema hajui kuandika lakini anajua kupiga. Ngoja, ananikaribia."

Pumzi ile ilitetemeka kidogo. Pengine ilikuwa kicheko, pengine siyo.

Akawa anapiga kila siku saa sita. Hakuuliza tena kama amekula. Alimsimulia anachokiona: ziwa limeamka na mawimbi, Apollinaire ameangusha nyundo kwenye mguu wake mwenyewe, meli ya Moba imetoa honi mara tatu bila kuonekana. Siku ya tisa Chancelle alisema.

"Usinikate maneno. Ukinikata sitarudia."

Valère alifunga mlango wa biro.

"Mwaka ule wa vita kwetu tulikimbilia porini. Mama, mimi, na Doudou mdogo wangu. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mama alikataza moto. Alisema moshi ni mdomo, unaita. Tukala majani, tukala mihogo mibichi. Siku ya kumi na moja Doudou alianza kulia. Njaa, njaa. Mama alikuwa amelala kwa homa. Nikasema moto mdogo tu, wa muhogo mmoja. Nikauwasha. Nikauchoma. Nilikaa nao, tukala watatu, Valère, tulikaa chini kama watu. Ulikuwa mtamu. Kisha nikaenda mtoni kuleta maji."

Kwa mbali cherehani ya Mama Laetitia ilikuwa inashona.

"Niliporudi, moto ulikuwa bado unawaka. Moto tu."

Valère aliziba mdomo wake mwenyewe ili asimkate.

"Kwa hiyo chakula cha moto kikinifika mdomoni kina ladha ya siku hiyo. Na nikikaa chini, nasikia wanakuja. Mkate uliopoa, ndizi, karanga mbichi, hivyo naweza, siku nyingine. Nikiwa nimesimama. Nikiona njia. Siku nyingine siwezi hata maji. Sasa umejua. Nenda ukaoe muntu anayekula."

Akakata simu.

Valère hakwenda kuoa muntu anayekula. Alikwenda kwenye kituo cha afya ambako mama mmoja mwenye miwani mikubwa alikuwa akiwasikiliza watu waliotoka vitani. Alimweleza kila kitu, na alipofika kwenye ndoo ya maji alilia mbele yake bila kujali foleni mlangoni.

"Hiyo ni kiwewe," mama yule alimwambia. "Ni ugonjwa, si roho mbaya na si kiburi. Mlete akitaka mwenyewe. Na wewe, papa, usimhesabie matonge. Ukimwangalia mdomo, unakuwa mmoja wa wanaomwinda."

"Nikimpenda sana atapona?"

"Atakuwa na siku nzuri na siku mbaya. Wewe utakuwepo siku zipi?"

Valère alianza kwenda nyuma ya soko kila saa sita, na mkate wake mwenyewe. Siku ya kwanza Chancelle hakufungua. Valère alikula nje, akaondoka. Siku ya nne mlango ulifunguliwa kidogo. Siku ya saba Chancelle alisimama kwenye kizingiti na kipande chake, naye Valère, ameketi juu ya tofali, akamsimulia mambo ya mizigo huku macho yake yakiwa kwenye miguu ya kuku wa jirani.

"Uliniambia dakika kumi," Chancelle alisema siku hiyo.

"Nilikudanganya. Na ulipokimbia sikukufuata. Niliokota mwiko."

"Niliona. Niligeuka mlangoni, nikakuona."

Hakusema amemsamehe. Alimega mkate.

Kukawa na siku nzuri. Akaanza kwenda kwa yule mama wa miwani kila Jumanne. Akarudia kumchokoza: "Papa wa mizigo, leo vifungo vyote vipo, umeanza kuzeeka?" Kisha ikaja wiki moja ya Oktoba, mvua imewakusanya majirani na majiko yao chini ya paa moja, moshi usiku na mchana, na Chancelle siku tatu hakutia kitu mdomoni. Alianguka juu ya cherehani. Kwenye kituo cha afya wakamtundikia serumu ya mshipani, naye Valère akaushika mkono wake, mwepesi kama nguo iliyoanuliwa. Asubuhi ile hakuwa na hadithi ya kumsimulia. Alikaa tu, akaogopa.

Alipofika nyumbani mama yake alikuwa uani, anachambua maharage.

"Yule mutoto yukoje?" aliuliza bila kuinua uso.

"Anakufa kwa njaa, Mama. Na si mchawi." Akamwambia yote, mpaka muhogo mmoja wa kuchoma. Mama Denise aliendelea kuchambua, lakini mawe na maharage vilikwenda upande mmoja.

Kesho yake alimpa mfuko. Ndani kulikuwa na ndizi mbivu na karanga zilizomenywa moja moja.

"Mimi sijakubali," alisema. "Moto wangu umezimwa mbele ya shemeji yangu, na hilo halijanitoka. Lakini mwambie hakuna kitu humo nilichoweka motoni. Mwambie nimenawa mikono kwanza, isiwe na harufu ya kuni."

Chancelle alipoambiwa hivyo alikaa na ule mfuko mapajani muda mrefu sana. Siku hiyo alikula ndizi nusu.

Papa Hippolyte hakubadilika. Alisema yule msichana arudi auwashe ule moto na ale mbele yao, au jina lake lisitajwe. Chancelle aliposikia, alitaka kwenda. Alisema labda akijikaza. Ni Valère aliyekwenda kwa baba yake mkubwa, akapiga goti, akasema kwa heshima kwamba mwanamke wake hatawashiwa moto mara ya pili. Alitoka pale akiwa na ruhusa ya kufanya atakavyo na bila baraka, ambayo kwao ni njia nyingine ya kufukuzwa.

Jumamosi iliyofuata, saa sita, alifika nyuma ya soko. Chancelle alikuwa mahali pake, mgongo ukutani, amevaa kile kikwembe cha manjano. Ilikuwa moja ya siku mbaya. Mkate ulikuwa mkononi na haukuwa umemegwa.

"Nataka kukuuliza kitu," Valère alisema.

"Najua unachotaka kuuliza. Niulize siku nitakayokaa chini mezani kwa mama yako, nikala kama watu."

"Na isipofika?"

Chancelle aliugeuza mkate mkononi.

"Basi siingoji. Nakuuliza leo, umesimama. Unioe, Chancelle. Mimi nikuoe. Maneno yamenipotea, lakini umeelewa."

"Wakubwa wenu hawatakuja."

"Hawatakuja. Nitakuja mimi na Apollinaire. Na Mama amesema atakuja, lakini atakaa nyuma kabisa, isionekane amekubali."

Chancelle alicheka, na kicheko kikageuka machozi njiani. "Kuna siku utachoka na mimi."

"Ndiyo. Nitachoka."

Chancelle alimtazama. Hakuwa ametarajia jibu hilo.

"Na siku hiyo utafanya nini?"

"Nitakuambia nimechoka. Halafu kesho yake saa sita nitakuja."

Barabarani pikipiki ilipita na magunia, mtu akaita mtu, mlango ukagongwa. Kila sauti ilimtikisa Chancelle kope, na macho yake yakaifuata mpaka ikaisha. Alikuwa amechoka mwenyewe, uchovu wa miaka minane ya kulinda njia ambayo waliokuwa wakija walikwisha kuja.

"Ndiyo," alisema, kwa sauti ndogo. "Lakini leo siwezi kula."

"Usile."

Valère alikuja upande wake. Akaegemeza mgongo kwenye ukuta uleule, bega kwa bega, akaelekeza uso wake barabarani.

"Funga macho kidogo," alimwambia. "Njia nitaiangalia mimi."

Chancelle alisita. Kisha akafumba.